Mchora Utulivu wa Hai Jalaba

Hakuwa mhandisi. Alikuwa msanifu wa majengo, na kwa miaka yote niliyomjua alimsahihisha kila aliyemwita mhandisi: mlinzi, muuza chai, padri, hata waziri mmoja aliyekuja kukata utepe. Hakuna aliyejirekebisha. Mwishowe sisi tuliofanya kazi naye tulimwita Mhandisi vilevile, kwa kuwa ndilo jina aliloitikia haraka zaidi, ijapokuwa aliitika kwa hasira.

Kazi yake, kama alivyoieleza mwenyewe, ilikuwa kuchora majengo na bustani ambamo mtu aliyeumia anaweza kupona na mtu aliyechoka anaweza kuwaza. Aliieleza kwa sauti iliyosikika ng'ambo ya barabara. Bingwa huyu wa utulivu, ambaye sidhani alikuwa na mpinzani Juba nzima, aligongesha milango, alibishana na redio, na alipokunywa chai majirani walijua.

Ilikuwa miaka ile baada ya mkataba wa amani na kabla ya kura ya kujitenga na Kaskazini. Kila mtu alikuwa anajenga. Wakenya walileta benki na hoteli, Waganda walileta matofali na matoke, na waliokuwa wakimbizi walirudi na vyeti vya nchi nyingine na Kiswahili cha nchi nyingine. Mhandisi alirudi kutoka Kampala. Mimi nilikuja kutoka Kitale na futi ya kupimia, rula ya pembe tatu, na sanduku la vitabu vya ujenzi ambavyo mabingwa wengine walikuwa wamevitupa. Yote niliyoyajua niliyatoa mle.

Aliponihoji aliuliza kwanza kama nimesoma chuo. Nikasema hapana. Akauliza kama nimewahi kulazwa hospitali. Nikasema ndiyo, kwa sababu ya mguu.

"Dari ilikuwa namna gani?"

"Hapakuwa na dari. Mabati matupu, yenye kutu upande mmoja. Ile kutu ilifanana na ng'ombe aliyelala."

"Unaanza kesho," akasema.

Dari ilikuwa jambo lake kubwa. "Daktari anaona ukuta, mgonjwa anaona juu," alizoea kusema. "Sasa nyinyi mnapaka ukuta rangi tatu, na juu mnaacha buibui." Kabla ya kuchora wodi yoyote alilala chali sakafuni, katika suti yake ya kijivu, kisha akaagiza alazwe juu ya angareb, kitanda cha kamba, abebwe na vibarua wanne kutoka lango hadi mahali ambapo chumba cha upasuaji kingekuwa. Vibarua walicheka mpaka kitanda kikayumba.

"Polepole! Mimi ni mgonjwa!"

"Ya muhandis, mgonjwa hapigi kelele hivi," mmoja alimwita kwa Kiarabu cha mjini.

"Mgonjwa wa bure hapigi. Mimi nawalipa!"

Aliposhushwa aliichora njia ile upya. Aliondoa kona mbili na ngazi moja, kwa sababu, alisema, palepale penye kona ndipo alipoogopa. Sijawahi kusoma kanuni hiyo kitabuni. Niliijaribu baadaye mwenyewe, nikabebwa, na nikaogopa palepale.

Ofisi yake ilikuwa mtaa wa Hai Jalaba, chumba kimoja kati ya duka la jenereta na karakana ya kuchomelea vyuma. Mwenye duka aliwasha mashine zake zote kila alipokuja mteja, ili mteja achague kwa masikio. Katikati ya hayo Mhandisi alichora vyumba vya kupumzikia, veranda za kukalia jioni, viti vya mawe vilivyotazama mto. Ilipotokea mashine zote zikazimwa kwa pamoja, aliinua kichwa ghafla.

"Nini? Nini imetokea?"

"Hakuna kitu, Mzee. Ni kimya tu."

Basi aliwasha redio. Kanisani ilikuwa hivyohivyo. Padri alipoomba waumini wanyamaze kidogo wasali moyoni, Mhandisi alikohoa, akahesabu funguo zake, kisha akatoka nje kuangalia gari, na gari hakuwa nalo.

Wafadhili aliwaheshimu mpaka walipofungua mdomo. Mmoja wao, Mzungu mpole, kawaja kama wanavyoitwa huku, aliyesafiri mbali kuja kutusaidia, alituonyesha picha za bustani za kuponya za kwao: chemchemi, vidimbwi, nyasi kama zulia. Mhandisi aliangalia picha zote kwa adabu.

"Mimi iko na swali moja tu," akasema. "Hii maji ikilala hapo, mbu atakuwa anatafakari nini?"

Nyasi hazikumpendeza zaidi. Alijua kwamba kwa watu wa hapa nyumba yenye nyasi mlangoni ni nyumba iliyokimbiwa, au yenye nyoka, au iliyowahi kuficha askari. "Kwetu bustani ni udongo uliofagiwa," alimwambia yule kawaja. "Mtu akiona alama ya ufagio, anajua kuna mtu anamngoja." Yule mgeni aliandika maneno hayo kwa furaha. Nayataja ili isieleweke kwamba Mhandisi hakuwajua watu wake. Aliwajua kuliko mtu yeyote niliyefanya naye kazi, na makosa ya wageni aliyanusa kutoka mbali. Kosa moja kubwa alilolifanya yeye halikuwa na harufu yoyote.

Aliajiriwa na hospitali moja ndogo, upande wa kusini, njia ya kwenda Rejaf, aijenge wodi ya watu waliokatwa viungo na watu walioyumba akili kwa ajili ya vita. Wakati huo angeweza kuchora hoteli. Watu wa hoteli walikuja mpaka mlangoni wakiwa wameshika bahasha. Aliwafukuza. Nilipomuuliza sababu alinijibu mara moja tu, akiwa amenipa mgongo:

"Hii mji, mtu akikaa chini peke yake, watu kumi wanakuja kumuuliza iko na shida gani. Mimi nataka kuacha mahali moja tu hapa Juba ambapo mtu anaweza kukaa bila kuulizwa. Moja. Halafu mimi nikifa, kalas, imekwisha."

Mahali hapo palikuwa ua wa nyuma wa wodi. Aliuchora kwa muda mrefu kuliko wodi yenyewe. Palikuwa na miarobaini mikubwa, udongo wa kufagiwa, matuta ya maua ya manjano, viti vilivyogeuziana migongo ili mtu asilazimike kumsalimu mwenzake, na njia iliyozunguka bila kona. Kuuzungushia ua tulinunua mawe kwa akina mama wanaoyapasua pale mlimani, Jebel, na Mhandisi akaenda mwenyewe mtaa wa Sherikat kuchagua rangi. Alisema jicho la mtu aliyechoka linahitaji kuonyeshwa kwa wazi mahali pa kupumzikia panaanzia wapi. Akarudi na rangi nyekundu.

Tukayapaka mawe yote, tukayapanga mstari mzuri kabisa. Niliunyoosha mstari huo kwa uzi.

Hakuna mtu aliyeingia. Wagonjwa walikaa verandani, wakatazama. Wiki zilipita, maua yakachanua, ufagio ukaacha alama zake safi kila asubuhi, na juu ya alama hizo hapakuonekana unyayo isipokuwa wa mtunza bustani, Mganda mnyenyekevu kutoka Arua. Mhandisi alikuja mara kwa mara kuchungulia, na kila mara alirudi ameng'aa.

"Umeona? Wanaheshimu. Hata kukanyaga hawataki. Wanatafakari na macho."

Matroni wa hospitali, mama wa Kisii aliyekuwa amesimamia wodi nyingi na hakudanganyika upesi, hakung'aa.

"Mzee wangu, wanatafakari wakiwa veranda? Sasa hiyo bustani ni ya nini? Si tungewachorea tu picha?"

"Matroni, utulivu hauna haraka."

"Utulivu hauna haraka, lakini Nairobi wana haraka. Wameniuliza ile nafasi ya nyuma inatumika na nani. Nimwandike nani? Kuku?"

Ofisi ya wafadhili kule Nairobi iliamua. Nafasi isiyotumika ingewekwa kontena mbili za ofisi na bohari ya dawa. Mhandisi alibishana kwa simu mpaka salio likaisha, akanunua salio, akaendelea. Aliwaambia kwamba ua mtupu si ua usiokamilika. Walimjibu kwa upole kwamba wanamwelewa. Hilo lilimvunja moyo, maana kwa uzoefu wake mfadhili anayekuelewa ameshaamua.

Lori likaja asubuhi, na kreni nyuma yake. Tulisimama karibu na geti la nyuma: Matroni, mimi, na Mhandisi katika suti yake ya kijivu kama mtu wa msibani. Dereva, mtu mnene wa Sherikat aliyekuwa akipiga honi tangu barabarani, aliingia kwa kishindo, kisha akafunga breki mbele ya mstari wa mawe hata kontena zikalia. Akashuka. Akayatazama mawe. Hakuyasogelea.

"Mama," akamwambia Matroni, "nani aliniita hapa?"

"Mimi. Pitisha tu, weka pale kati."

"Pale kati? Wewe unataka mimi nikufe? Hii jiwe ni nyekundu!"

Ndipo tulipofahamishwa, sote watatu, tulio wageni na tuliorudi, jambo ambalo kila mtu aliyebaki humu wakati wa vita alilijua: wanaotegua mabomu ya ardhini huyawekea mawe. Jiwe jeupe, udongo umekaguliwa. Jiwe jekundu, usivuke. Verandani wagonjwa walikuwa wakitikisa vichwa kumuunga mkono dereva. Walifikiri tunajua. Walifikiri hospitali imejengwa karibu na bomu, kama vitu vingi vilivyojengwa siku zile, na kwamba mzee mwenye suti amelipandia maua kwa sababu zake. Mtunza bustani wa Arua walimwona shujaa au mwendawazimu. Kila asubuhi kabla hajaingia na ufagio walimpa sigara, na mama mmoja alimwombea. Yeye alidhani ni ukarimu wa watu wa hapa. Alipoelezwa, alikaa chini kwanza.

Matroni akamgeukia Mhandisi. "Mzee, huko ndani kuna kitu hujatuambia?"

Nilijua hapakuwa na kitu. Udongo ule niliupima na kuuchimba mwenyewe. Nilifungua mdomo. Mhandisi alinikanyaga mguu, ule uliowahi kulazwa.

Dereva akamwuliza moja kwa moja: "Ya muhandis, bomu iko au mafi, hakuna?"

Mhandisi hakuwahi kusema uongo mbele yangu, hata kwa mfadhili, na siku ile pia hakusema.

"Mimi sio mtu wa mabomu," akasema. "Mimi ni msanifu wa majengo."

"Mmesikia?" dereva aliwaambia wote. "Mwenyewe hajui!" Akapanda, akarudisha lori nyuma kwa uangalifu ambao hakuuonyesha alipoingia, akaondoka na kontena zake, na kreni ikamfuata.

Mhandisi alifurahi siku nzima. Alicheka peke yake. Aliyasifu mawe, akawasifu akina mama wa Jebel, na duka la rangi la Sherikat. Alisema hiyo ndiyo bustani ya kwanza duniani yenye jeshi lake. Mimi nilikuwa nachua mguu.

Jioni, mgonjwa mmoja alimwita kutoka verandani. Tulimwita Sajini, kwa kuwa ndivyo alivyotaka; mguu wake wa kulia uliishia gotini. Kiswahili alikipata kambini Uganda, akakitumia taratibu.

"Muhandis, leo umeshinda."

"Nimeshinda kabisa!"

"Bomu hakuna."

Mhandisi akaangalia huku na huku. "Hakuna."

"Mimi nilijua tangu huyo Mganda hajafa." Sajini alicheka kidogo, kisha akaacha. "Mguu yangu ilibaki barabara ya Yei. Pale hakukuwa na jiwe. Kama jiwe nyekundu ingekuwa pale, mimi ningesimama. Sasa angalia." Akaonyesha watoto wa wagonjwa waliokuwa wakicheza kando ya veranda. "Hao leo wanaogopa hii jiwe yako. Kesho wataona kuku anaingia, anatoka. Kesho kutwa wataingia wao. Halafu mama zao watapona, watarudi kijijini, na huko watakuta jiwe nyekundu ya kweli."

"Watafanya nini?" Mhandisi aliuliza, ingawa niliona ameshaelewa.

"Watasema, ah, hiyo ni ya maua."

Mhandisi aliliendea jiwe la karibu, akalikwaruza rangi kwa ukucha. Jioni ile hakutafuta redio.

Asubuhi yake nilimkuta amepiga magoti katika suti, akiyapaka mawe rangi nyeupe, moja baada ya jingine, pande zote. Sikuruhusiwa kumsaidia. Rangi haikuwa imekauka kuku alipoingia, na watoto nyuma yake, na mama zao nyuma ya watoto. Kufikia mchana palikuwa na jiko la makaa, nguo zilizoanikwa juu ya mawe, mtu akisukwa nywele, na redio mbili. Viti vilivyogeuziana migongo vilikuwa vimegeuzwa vitazamane. Mhandisi alisimama katikati akipiga kelele kwamba hapa ni mahali pa kimya. Walimkaribisha chai.

Matroni aliwaandikia Nairobi kwamba ua sasa unatumika kupita kiasi. Walijibu kwamba wamefurahi kusikia hivyo, na kwamba kontena ziko njiani. Dereva alirudi, akayatazama mawe, akasema, "Sasa hii ni lugha." Akapita. Mhandisi hakuja kuangalia. Alinituma mimi, nami nilisimamia ili angalau mwarobaini mmoja usikatwe. Mizizi yake ilikataza kontena ya pili kuwekwa sambamba na ya kwanza, kwa hiyo waliiacha imekaa upande, wakasema watairekebisha. Hawakuirekebisha.

Baada ya hapo kazi zilipungua. Nilisikia amechora hoteli moja, na kwamba wenye hoteli walilalamika kwamba wageni wanalala mno na hawashuki baa. Mimi nilihamia kwa mkandarasi mwingine. Tulisalimiana mjini tulipokutana.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa siku ambazo mji mzima ulizungumzia kura tu. Nilikuwa nimekwenda hospitali ile kupima paa la bohari. Matroni, aliyekuwa anafunga mizigo arudi Kisii, aliniambia niende nyuma ya kontena nikaone kitu.

"Hatukuwaambia wafanye hivyo," akasema. "Walianza wenyewe. Sajini ndiye wa kwanza."

Kati ya kontena ile iliyokaa upande na ukuta wa wodi palikuwa pamebaki mwanya, mpana kiasi cha mtu mmoja na mabega yake. Mwisho wake tangi la maji lilikuwa limeuziba. Mtu aliweka humo dumu la plastiki la kukalia. Wagonjwa, Matroni alisema, huingia mmoja mmoja. Anayekaa humo haitwi, haulizwi. Hata muuguzi mwenye sindano hungoja atoke.

Mhandisi alikuwa amekaa juu ya dumu, viatu vyake vimekaribiana, mkononi ameshika kadi ya hospitali yenye jina lake. Aliponiona hakunisalimu.

"Umeona hii ujinga? Nimepima. Upana mbaya. Mvua itaingia. Hewa kidogo. Jani hata moja hakuna. Hii imechorwa na mtu wa kreni!" Sauti yake iligonga bati, ikarudi.

"Lakini wanakuja, Mzee."

"Wanakuja! Ndiyo inaniuma."

Akageuza kadi mkononi, kisha akaanza kusema, kwa sauti ndogo, habari ambayo hakuwahi kunigusia.

"Ndugu yangu alirudi kutoka vitani. Kwa nyumba tulikuwa wengi. Kila mtu anamuuliza: unaumwa wapi, unataka nini, uliona nini. Tulimpenda, ndiyo maana. Yeye akawa anakwenda chooni. Anakaa tangu asubuhi, mpaka watu wanagonga. Tumbo yake ilikuwa mzima. Ni kwa sababu choo iko na mlango, na mtu akiwa ndani hakuna mtu anamuuliza anafanya nini." Akatazama ukuta ulio mbele ya uso wake, umbali wa mkono. "Mimi nilikuwa nataka kumjengea tu choo isiyo na harufu. Maua niliongeza kwa sababu ya wafadhili."

Nilitaka kumuuliza ndugu huyo aliishia wapi. Nilitaka pia kumuuliza juu ya kadi. Lakini aliinua kidole kuelekea nyuma yangu. Mdomoni mwa mwanya alisimama mama mmoja mwenye bandeji mkononi, ametupa mgongo, akitazama mbali.

"Toka," Mhandisi akaniambia. "Hapa ni ya mtu mmoja. Na mimi bado."

Nikatoka. Yule mama alikusanya nguo yake, akaketi chini ukutani, akangoja.